Maji ya Mifupa

Duka la kuchapisha lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Kongamano la vyuo vikuu lilikuwa linafunguliwa asubuhi ile ile, na kila mhadhiri alikuwa amelikumbuka bango lake dakika za mwisho. Walibanana mbele ya kaunta moja wakipunga risiti, suti zikikunjamana, huku mashine kubwa ikinguruma na kutema karatasi. Hewa ilinuka wino wa moto.

Mwanamke aliyefika mbele kwa nguvu ya viwiko alikuwa mhadhiri wa kemia, na kwa kuwa hakuwa na habari nyingine mdomoni ila kazi yake, watu wote walimwita Mkemia. Alivaa gauni la bluu iliyokolea, hereni ndogo za fedha, na viatu vya kisigino kirefu alivyoanza kuvijutia tangu kituo cha basi.

"Bango langu," alisema. "La kichujio cha maji."

Mchapishaji alimpa bomba la karatasi. Mkemia alilikunjua palepale, kwa sababu hakuwa mtu wa kuamini watu. Upande wa kushoto ulikuwa wake: ndoo yenye bomba, mkaa wa mifupa, grafu inayoshuka vizuri hadi kuvuka katikati. Upande wa kulia kulikuwa na picha ya wazee wamekaa kwenye benchi, na maandishi makubwa: Kwa Nini Watu Hawatumii Wanachopewa?

"Hiki ni nini?"

"Bango lako, dada."

"Nusu ndiyo yangu. Nusu hii ya nani?"

"Yangu," sauti ilisema nyuma ya sikio lake.

Aligeuka. Alikuwa mwanamume mrefu, shati la kijani lisilopigwa pasi vizuri, miwani imemteleza puani. Alikuwa mhadhiri wa sosholojia, na alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka nchi jirani kuja kwenye kongamano. Faili zao zilikuwa zimefika kwenye mashine kwa pamoja, na mashine ikaona ni heri izichape kwa mpigo mmoja.

"Tulikate katikati," Mkemia alisema.

"Ukilikata hapo, grafu yako inabaki kwangu."

"Basi lichapwe upya."

Mchapishaji alicheka, akaonyesha foleni kwa kidevu.

Ikawa hakuna njia. Walivuka barabara wamelishika bango huku na huku, upepo ukilipiga kama tanga, pikipiki zikiwapigia honi. Mkemia alikuwa anatembea haraka mno, mwenzake alikuwa anatembea polepole mno, na bango lilikuwa linalalamika katikati.

"Ongeza mwendo, jirani!" Mkemia alifoka, maana jina lake alikuwa hajaliuliza, na nchi yake ndiyo kitu pekee alichokisoma kwenye kitambulisho kifuani mwake.

Jina likamganda. Kuanzia siku ile akawa Jirani.

Ukumbini walilibandika, wakasimama kila mmoja mbele ya nusu yake wamepeana mgongo. Ndipo akatokea Profesa wa ng'ambo, mzee mnene mchangamfu ambaye chuo chake kilikuwa kinatafuta washirika. Alilitazama bango, akapiga makofi. Alisema amezunguka ukumbi mzima akitafuta kitu cha namna hii: sayansi ya maji na sayansi ya jamii, nchi mbili, kazi moja. Wengine wote walikuwa wanauzungumzia ushirikiano tu. Hawa walikuwa wameshaanza!

Mkemia alifungua mdomo. Jirani alifungua wake. Walitazamana, wakaifunga midomo yao.

Profesa alipoondoka, Mkemia alimgeukia mwenzake. "Mbona hukumwambia ukweli?"

"Nilikuwa nakungojea wewe uanze."

"Mimi kichujio changu kinahitaji mahali pa kujaribiwa!"

"Na mimi swali langu linahitaji kichujio," Jirani alisema. Mkemia akaangua kicheko, halafu haraka akauziba mdomo kwa kiganja.

Jirani aliiona ile ishara. Aliiona tena siku nyingine nyingi, mpaka walipozoeana kiasi cha kuuliza. Mkemia alikuwa amezaliwa katika mji mdogo wa bondeni ambako visima vina floridi nyingi. Watoto wa huko meno huota na madoa ya kahawia, na wakizeeka na maji yale mifupa hukakamaa. Mama yake aliyebaki huko alikuwa ananyanyuka kitini kwa kushika ukuta. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ukichomwa vizuri, huikamata ile floridi. Mkemia alikuwa ameutumikia mkaa huo ujana wake wote.

"Toa mkono mdomoni," Jirani alimwambia. "Nataka kukuona ukicheka."

"Utaona nini? Kutu?"

"Nitakuona wewe."

Mkemia alisonya. Lakini mkono aliutoa.

Kupendana hakukuwasumbua. Kilichowatoa jasho ni mkataba wa ushirikiano. Vyuo vitatu, vitivo vitano, wanasheria ambao hakuna aliyejua idadi yao, wote walikutana mtandaoni kila wiki, saa ambayo kwa mmoja ilikuwa chakula cha mchana na kwa mwingine alfajiri. Mvua zilianza na zikaisha bado wanabishana ukurasa wa kwanza. Baada ya kila mkutano simu ya Mkemia ililia.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula nembo. Mkuu wangu wa kitivo anataka nembo yetu itangulie, eti sisi ndio wenye maabara."

"Wangu anataka zipangwe kialfabeti."

"Kwa sababu nyinyi mnaanza na A!"

"Nimemwambia hivyo hivyo. Anasema ni bahati tu."

"Na wa ng'ambo?"

"Profesa anasema wao hawana makuu. Yao iwekwe katikati, ndogo tu."

"Ndogo kiasi gani?"

"Inazidi zetu mbili kidogo."

Mkemia alilaza kichwa kwenye meza ya maabara, kati ya chupa na mirija, akacheka mpaka machozi. "Jirani, nimechoka. Nimechoka mpaka kwenye kucha. Tukimaliza hili nitalala mwezi."

"Ulale kwangu."

"Mpaka wa nchi uko katikati yetu."

"Basi ulale njiani, nitakupitia."

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo Mkemia hakulichekea. Zamani aliwahi kushirikiana na chuo kingine cha mbali, akawapa vipimo vyake vyote, wakachapisha bila yeye, wakamshukuru kwa herufi ndogo chini ya ukurasa. Kwa hiyo safari hii alikaza: matokeo yoyote yatumwe kwa pande zote kwa wakati mmoja, asiwepo anayeonjeshwa kabla ya mwenzake. Wanasheria walilalamika. Mkemia hakulegea. Kifungu kikaingia.

Mkataba uliposainiwa, ndoo zilipelekwa katika mji ule ule wa bondeni, kwa ombi la Mkemia mwenyewe. Maji yaliyopimwa maabara yalitoka safi. Kilichobaki ni kazi ya Jirani: kupita nyumba zilizochaguliwa kwa kura na kuuliza watu wanazitumiaje. Mkemia hakuweza kwenda. Alikuwa na mitihani ya kusahihisha. Kwa kweli hakuona sababu. Ndoo ni ndoo. Unamimina juu, unakinga chini.

Jirani alipiga simu kutoka huko jioni moja, sauti imepoa.

"Vipi huko, kipenzi? Mama umemwona?"

"Nimemwona. Hajambo. Anakusalimu."

"Na watu wanasemaje?"

"Kuna jambo nataka..." alianza. "Basi. Tutazungumza nikiwa nimetulia."

"Umechoka wewe. Lala."

Hawakuzungumza. Wiki ile Jirani alishika simu mara nyingi na kuirudisha mezani mara nyingi. Mwisho aliandika ripoti yake, akaituma kwa pande zote kwa wakati mmoja, kama kifungu kilivyotaka.

Mkemia aliiona kwenye skrini, katikati ya mkutano, watu wote wakitazama. Nyumba nyingi hazikitumii kichujio. Watu wanayaita maji ya mifupa, na hawajui ni mifupa ya nini. Ndoo zimegeuzwa vyombo vya kuwekea nguo, mbegu na unga. Kwenye kidirisha chake, mkuu wake wa kitivo alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akamtazama. Profesa alisema ni jambo la kusikitisha, lakini la kuvutia sana kitaalamu, na kwamba mpango wa ndoo mpya itabidi usimame kwanza.

Mkutano haujafungwa vizuri, Mkemia alikuwa ameshapiga simu.

"Umenivua nguo mbele za watu!"

"Mpenzi, nisikilize..."

"Usiniite mpenzi! Tunaongea kila siku. Kila siku, Jirani! Umeniuliza nimekula, umeniuliza nimelala, ukashindwa kuniambia kazi yangu yote ni kopo la unga?"

"Kifungu kinasema..."

"Kifungu nilikiandika mimi! Nilikiandika kwa ajili ya wale, sikukiandika kwa ajili yako!"

"Hakisemi hivyo."

Hapo Jirani alikosea, na alijua amekosea kabla hajafunga mdomo. Simu ilikatika. Alipopiga tena, namba yake ilikuwa imezuiwa. Aliandika barua pepe, akaifuta, akaandika nyingine. Zote zilitoka kama taarifa za ofisini. Mkuu wake alipomwambia mradi huo una mwelekeo wa kufa, na kwamba ajitoe kabla jina la chuo halijachafuka, hakukubali wala hakukataa. Alisema amesikia.

Mkemia naye alikuwa amevimba. Alifundisha amevimba, akasahihisha amevimba. Wanafunzi walinyooka kama rula. Mwishowe alichukua basi la kwenda kwao, kwa nia moja: kwenda kuwaonyesha watu kwamba ripoti ile ni uongo, na kuanzia nyumbani kwa mama yake, ambaye alikuwa na ndoo yake tangu kabla ya mradi, na kila likizo alimwona akikinga maji humo kwa fahari.

Hakumwarifu kama anakuja. Alimkuta mama yake uani, khanga begani, anachekecha. Walikumbatiana, wakaulizana hali. Kisha Mkemia akaingia jikoni kunywa maji. Alifungua bomba la ndoo. Halikutoa kitu. Akafunua kifuniko.

Ulikuwa unga. Umejaa hadi juu, na kikombe cha kupimia kimechomekwa katikati.

Mama alikuja akijishika ukutani.

"Mama. Hii ni nini?"

"Panya hawawezi kuingia," mama alisema taratibu. "Kifuniko chake kinabana vizuri."

"Kila nikija naona maji humu!"

"Kila ukija unapiga simu kwanza. Naukung'uta unga, naosha, natia maji."

Mkemia alikaa kwenye kigoda. Hasira zilimjia, zikakosa pa kutua. "Kwa nini, mama?"

"Yalikuwa yananuka, mwanangu. Mwanzo yalinuka. Na majirani wakauliza, hiyo mifupa ni ya ng'ombe au ya nini? Nikashindwa kuwajibu. Hukuwahi kuniambia uliitoa wapi. Ulikuja na ndoo, ukanionyesha bomba, ukaondoka." Mama alijishusha kwenye kiti polepole. "Nilikuona una furaha. Ningesemaje?"

"Jirani... yule mtu aliyekuja kuuliza. Alijua?"

"Aliingia humu humu. Kura ilimwangusha kwangu. Alipoiona picha yako ukutani alishindwa hata kushika kalamu. Nikajua huyu ndiye yule unayecheka naye kwenye simu. Nilimshika mkono, nikamwomba asikwambie. Nilimwambia, andika unachotaka, lakini mimi usinitaje kwa mwanangu. Akaniapia." Mama alimkazia macho. "Amekueleza?"

"Hapana," Mkemia alisema. "Hakunieleza."

Aliufunika unga vizuri, maana panya walikuwa kweli.

Alibaki kwa mama yake siku kadhaa, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alikwenda nyumba moja baada ya nyingine bila kipimo wala chupa, akakaa, akauliza, akanyamaza. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kemia. Watu walizungusha maneno, walisifu ndoo, walimuuliza ataolewa lini. Alipotaka kuwakatiza aliuma ulimi. Mwisho mwanamke mmoja, jirani wa mama yake, alisema wazi: "Binti, mimi siwezi kumnywesha mtoto kitu ambacho sikuona kikitengenezwa."

Mkutano wa kuamua kama mradi ufungwe ulimkuta bado yuko kule, kompyuta imeegemezwa kwenye dirisha la mama ili mtandao ushike. Kidirisha cha Jirani kilikuwepo, kamera imezimwa. Mkuu wa kitivo cha Mkemia alianza kueleza kwamba kemia haikuwa na kosa, kosa ni la utafiti wa kijamii.

"Samahani, Mkuu," Mkemia alimkatiza. "Ripoti ni ya kweli. Nimeihakikisha mwenyewe. Naomba awamu ijayo iongozwe na idara ya sosholojia ya chuo cha nchi jirani. Sisi tuwe wa pili."

"Wa pili?" Mkuu alisema, kana kwamba hajawahi kulisikia neno hilo.

"Wa pili. Na tanuru lijengwe hapa, lisiwe chuoni. Watu waone mifupa inatoka machinjio gani, waichome wenyewe."

Zilifuata kelele. Mkuu alisema itabidi mkataba uandikwe upya, nembo zipangwe upya. Profesa alianza kutoa hotuba, akajikuta amezima kipaza sauti, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Katikati ya vurugu hizo kamera ya Jirani iliwaka. Alikuwa amekonda, shati lile lile la kijani. Alimtazama tu, na Mkemia akajishika nywele, akakumbuka hajazichana tangu asubuhi.

Walikubaliana, kwa shingo upande, kujaribu tena. Mkemia aliifungua namba iliyozuiwa, na kabla hajaamua la kusema, simu ikalia.

"Umekula?" Jirani aliuliza.

Mkemia alivuta kigoda, akakaa.

"Kifungu kilikuwa pazia tu," Jirani aliendelea. "Nilijificha nyuma yake. Nilimwapia mama, sawa. Lakini ningeweza kukuambia habari za nyumba nyingine zote. Niliogopa sauti yako."

"Kila mtu anaiogopa. Hata mama yangu ananificha unga."

"Sasa?"

"Sasa njoo, jamani. Kuna watu hapa wanataka kujua kama nina mtu, nimechoka kuwajibu."

Alikuja. Siku ya kuchoma mara ya kwanza, tanuru la matofali lilikuwa linafuka nyuma ya machinjio, na nusu ya mji walikuwa wamekuja kutazama. Mkemia, kilemba kichwani, masizi mpaka kwenye nyusi, alikuwa anaeleza kwamba moto ukizidi mkaa unakuwa mweupe na haufai, na ukipungua maji yatanuka. Wanawake walimhoji bila huruma. Mmoja alitumbukiza mkono kwenye gunia la mifupa mibichi, akaigeuza, akatikisa kichwa kukubali kwamba ni ya ng'ombe. Mama alikuwa amewekewa kiti kivulini. Jirani alichuchumaa kando yake kumwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu ana hasira, unajua?"

"Najua, mama."

"Kairithi kwangu. Ukimchukua, usije ukanirudishia kwa sababu hiyo."

Jirani alinyanyuka, akamwendea Mkemia aliyekuwa anagombana na mfuniko wa tanuru.

"Nataka tuoane," alisema.

"Shika hapa. Upande huu. Unateleza."

Alishika. "Nimesema nataka tuoane."

"Nimesikia! Ndiyo! Usiachie, utaunguza watu!"

Wanawake waliokuwa karibu walisikia, wakapiga vigelegele, na mfuniko ukawaponyoka wote wawili.

Siku ya kuondoka walikwenda kituo cha mabasi pamoja, kila mmoja na begi lake, na tangu kwa mama mpaka kituoni walikuwa wanabishana.

"Maabara yangu siwezi kuihamisha," Mkemia alisema.

"Na wanafunzi wangu je? Niwatie kwenye begi?"

"Huko kwenu hata chumba cha mizani hakuna."

"Huko kwenu mkuu wako ataninywea damu."

"Ataizoea."

"Mwaka mmoja kwangu, mwaka mmoja kwako."

"Nani anaanza?"

Jirani alifikiri. Walikuwa wameshafika dirishani. Nyuma yao foleni ilikuwa ndefu, watu na mizigo, jua linawaka. Mkata tiketi hakuinua hata macho.

"Wawili? Mnakwenda wapi?"

Walitazamana. Mkemia alikunja uso, kisha akaanza kucheka, meno nje, mikono yote miwili imeshika begi.

"Tupe dakika moja tu, kaka," walisema kwa pamoja, na foleni nzima ikasonya.